Kipepeo athalia wa misitu ya Kent: uende kumtazama lini, wapi na saa ngapi

Swali: Nimehamia Canterbury, katika Kent, Uingereza, kutoka Kilifi, ambako nilizoea kutazama vipepeo katika Msitu wa Arabuko-Sokoke. Nimeambiwa kwamba misitu ya Blean, hapa jirani, ina kipepeo adimu anayeitwa Heath Fritillary. Mwaka jana mwishoni mwa Julai nilizunguka humo kutwa nzima chini ya miti mikubwa, nikatega hata ndizi zilizochacha kama tunavyofanya nyumbani. Niliambulia vipepeo wa kahawia tu. Nilikosea wapi, na mwaka huu nifanyeje? – Msomaji, Canterbury

Jibu: Ndugu yangu, msitu ulioingia ndio wenyewe. Kilichokuangusha ni tarehe, sehemu ya msitu uliyoichagua, na zile ndizi. Yote matatu yanarekebishika. Tena una bahati ya ujirani: kipepeo huyu amebaki katika pembe chache tu za Uingereza, yaani Kent, Essex ambako alirudishwa na binadamu, mabonde ya Exmoor, na mpakani mwa Devon na Cornwall. Blean ndiyo ngome yake. Watu hupanda treni kutoka mbali kufuata kitu ambacho wewe unaweza kukifikia kwa baiskeli.

Jina lake la kisayansi ni *Melitaea athalia*, kwa hiyo nitamwita athalia.

Tarehe

Pwani ya Kenya spishi nyingi huzaa vizazi kadhaa kwa mwaka. Ukimkosa kipepeo wiki hii, mvua ikinyesha vizuri utamwona tena baada ya muda. Athalia wa Uingereza ana kizazi kimoja tu. Jike hutaga Juni, mayai mengi kwa mpigo, yamerundikwa chini ya jani la mmea wa karibu na ardhi. Viwavi wakitotoka hula wiki chache, kisha wakiwa bado wadogo hujificha ndani ya jani kavu lililojisokota na kulala humo baridi yote. Huamka mnamo Machi, wakaanza kuota jua juu ya majani makavu: weusi, wenye vidoti vyeupe, na miiba minene mifupi yenye rangi ya krimu inayoelekea chungwa. Wanakula hadi Mei, wanageuka pupa hukohuko chini, na hatimaye anatoka mwenye mabawa, ambaye kwa kawaida haishi zaidi ya siku kumi hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa kabisa ya mwaka athalia yupo msituni, lakini yupo chini ya majani makavu na huwezi kumwona.

Blean, wa kwanza hutokea mwishoni mwa Mei au wiki ya kwanza ya Juni, kulingana na joto la majira ya kuchipua. Kilele ni kuanzia kati ya Juni hadi siku za mwisho za mwezi huo. Ikifika katikati ya Julai wamebaki wachache, rangi zimefifia na kingo za mabawa zimechanika. Mwishoni mwa Julai, ulipokwenda wewe, hakukuwa na cha kuona. Wale wa kahawia uliowaona bila shaka walikuwa wa spishi za kawaida zinazotawala msitu wakati huo.

Usipange siku moja. Hali ya hewa ya huku itakuchezea. Jitengee siku tatu au nne kati ya tarehe 8 na 28 Juni, uamue usiku wa kuamkia siku hiyo baada ya kusikiliza utabiri. Madume hutangulia majike kwa siku kadhaa, hivyo anayetaka kuwaona wakiwa wapya, rangi imekolea, aende mapema. Anayetaka kuwaona wengi asubiri wiki ya tatu ya mwezi. Majira ya kuchipua yakiwa ya joto, vuta kila kitu mbele kwa wiki moja, na yakiwa ya baridi na mvua, sogeza nyuma.

Usiingie msitu mnene

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowaangusha wengi. Athalia hapendi kivuli. Anaishi pale msitu ulipokatwa.

Kwa karne nyingi misitu ya Kent ilivunwa kwa zamu. Kipande kimoja kilikatwa msimu huu wa baridi, jirani yake msimu unaofuata. Miti ilikatwa karibu kabisa na ardhi, visiki vikaachwa vichipue, na baada ya miaka kumi na tano au ishirini wakataji wakarudi palepale. Miti ya chesnati ya eneo hili ilitoa fito za kupandishia mihopu ya kutengenezea bia, na nguzo za uzio. Kila kipande kilichokatwa kilipata jua kwa miaka michache, kikachanua, kisha kikafunga tena. Athalia alikuwa akihamia kipande kipya kila cha zamani kilipoingia kivuli, na wenyeji wakampa jina la mfuasi wa mkata miti.

Mfumo huo una udhaifu mmoja. Athalia si msafiri. Wengi wao hawaendi zaidi ya mita mia chache kutoka walipozaliwa. Kipande kipya kikiwa mbali, au kikiwa kimetengwa na ukuta wa miti mirefu isiyo na njia ya jua, hafiki. Soko la fito na nguzo liliposhuka katika karne ya 20, vipande viliachwa vifunge, na kufikia uchunguzi wa 1980 makundi yaliyobaki nchi nzima yalikuwa kama 30 tu. Alichookolewa nacho ni msumeno. Wasimamizi wa hifadhi walirudia kukata kwa zamu na kupanua njia za msituni ili vipande viungane. Bisoni wa Ulaya, ng'ombe-mwitu wakubwa walioachiliwa Julai 2022 katika West Blean na Thornden, ndani ya uzio, wako kwenye kazi ya namna hiyohiyo: wanabandua magome, wanaangusha miti midogo na kufungua nafasi za jua.

Kwa hiyo ukiwa Blean, tafuta vipande vilivyokatwa kati ya misimu miwili na mitano ya baridi iliyopita. Mwaka wa kwanza baada ya kukatwa mara nyingi ni udongo, visiki na matawi makavu. Kuanzia wa pili mimea ya ardhini inashika. Chesnati huchipua kwa kasi kubwa, na baada ya miaka michache machipukizi yanagusana juu, ardhi inaingia giza, na kipepeo ameondoka. Usipime urefu wa machipukizi pekee. Tazama chini: je, katikati ya visiki jua linafika ardhini? Likifika, simama hapo. Kama unatembea juu ya majani makavu matupu yasiyo na mmea, endelea mbele. Kingo za njia pana zenye jua nazo zinahesabika, hasa zikiwa zimefyekwa vizuri.

Kisha tafuta mmea wenyewe. Kiwavi wa athalia huko Kent na Essex anategemea *Melampyrum pratense*. Ni mmea wa msimu mmoja, mwembamba, kwa kawaida unafika katikati ya muundi au chini ya goti. Majani yake ni membamba marefu, yanakaa mawili mawili yakitazamana, karibu hayana kikonyo. Maua ni mirija midogo ya manjano iliyopauka, nayo yanatoka mawili mawili yote yakielekea upande mmoja wa shina, kana kwamba yamesukwa. Hiyo jozi ya maua yanayotazama upande mmoja ndiyo alama ya kukumbuka. Mmea huu hujichomeka kwenye mizizi ya miti na mimea jirani kunyonya sehemu ya chakula chake, na mbegu zake husambazwa na sisimizi, ambao hubeba mbegu kwa ajili ya kiambatisho chenye mafuta. Ndiyo sababu hauenei haraka, na ndiyo sababu kipande kilichokatwa mbali na mmea uliopo kinaweza kukaa miaka bila kuwa na faida yoyote kwa athalia.

Ukiona zulia la mmea huo kwenye jua, katikati ya Juni, umeshafika. Ukiona jua bila mmea, au mmea kivulini, sogea.

Kule Devon na Cornwall athalia hutaga hasa kwenye *Plantago lanceolata*, ule mmea wa kawaida wa njiani wenye majani yenye mistari mirefu. Nakutajia kwa sababu maelezo mengi unayoyasoma huchanganya mikoa hii, na mtu wa Kent akiufuata mmea huo atapoteza siku.

Kuhusu milango ya kuingilia: karibu nawe zaidi ni hifadhi ya Blean Woods inayosimamiwa na RSPB, shirika la kuhifadhi ndege, ambayo lango lake liko kijiji cha Rough Common, kaskazini-magharibi mwa Canterbury. Njia zake zimewekewa nguzo za rangi, na huhitaji kutoka kwenye njia hizo ili kumwona athalia. Upande wa mashariki, kuelekea Herne Bay, kuna East Blean Wood ya shirika la uhifadhi la Kent Wildlife Trust, pazuri vilevile na mara nyingi pana utulivu zaidi. Ramani ya mtu aliyemwona miaka sita iliyopita isikuongoze, maana kipande kile huenda sasa ni giza tupu. Muulize mhifadhi swali moja tu: ni sehemu zipi zilikatwa misimu miwili hadi mitano iliyopita? Atakuelekeza kwa furaha.

Saa na hali ya hewa

Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Saa 4 asubuhi ni 10:00 kwenye simu yako. Juni jua la Kent huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku, na mgeni huona mchana huo mrefu akadhani ana muda wa kutosha. Kwa athalia saa zenye maana ni chache kuliko hizo.

Kipimo kizuri ni kile kinachotumiwa na mpango wa taifa wa kuhesabu vipepeo ulioanza 1976. Wahesabuji hutembea kati ya saa 4:45 asubuhi na saa 9:45 alasiri. Joto likiwa chini ya nyuzi 13 hawahesabu. Likiwa kati ya 13 na 17, jua liwe linawaka angalau asilimia 60 ya muda. Likizidi 17, hata mawingu yanakubalika ilimradi mvua hainyeshi. Kwa athalia ningekaza kidogo: subiri siku ya nyuzi 18 na kuendelea, yenye jua na upepo mdogo.

Dirisha bora ni kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 6 mchana. Mwanzoni mwake, jua linapoanza kufika kwenye kipande, athalia hupanda juu ya kangaga, ncha za nyasi au majani ya blakiberi na kufungua mabawa bapa kabisa ili wapate joto. Hapo hawana haraka, na ndio wakati wa kumtazama kwa karibu. Wakishapata joto, madume huanza doria huku na huko juu ya mimea wakitafuta majike, na kuwapiga picha kunakuwa kazi. Siku za joto kali, nyuzi 27 au 28, doria inaanza mapema na haitulii, hivyo fika saa 2:30.

Wingu likifunika jua, usiondoke. Kosa la mtu mwenye haraka ni kudhani wamehama. Wameketi, mabawa yamefungwa, palepale ulipowaona mwisho. Kaza macho mahali alipotua mmoja, subiri. Jua likirudi, baada ya dakika chache utaona mabawa yakifunguka kimoja baada ya kingine katika eneo uliloliona tupu. Mabawa yakiwa yamefungwa ndipo unapoona upande wa chini, ambao ndio mzuri kuliko wote: mikanda ya krimu na chungwa, na mistari myembamba myeusi inayokata mikanda hiyo kuwa vyumba vidogo vidogo, kila chumba na mpaka wake safi. Mpigapicha mvumilivu hulipenda wingu kwa sababu hiyo.

Kumtambua

Upana wa mabawa yaliyofunguliwa ni kama sentimita 4 hadi 4.5. Juu ni chungwa lililofunikwa na wavu mzito wa kahawia iliyokoza, kiasi kwamba kwa mbali anaonekana mweusi kuliko unavyotarajia. Lakini kinachomtambulisha kabla hujaona rangi ni mwendo. Anaruka chini sana, kati ya goti na kiuno, anapiga mabawa mara chache za haraka, kisha anateleza na mabawa yaliyonyooka bapa, anapiga tena, anateleza. Ukishaujua mwendo huo utamtambua ukiwa mita 15.

Wanaoweza kukuchanganya mwezi Juni ni hawa. Wa kahawia mwenye madoa ya krimu anayezungukazunguka kwenye kivuli chenye miale ya jua ni *Pararge aegeria*. Mkubwa kidogo kuliko athalia, wa kahawia iliyofifia na doa la jicho kwenye ncha ya bawa la mbele, ni *Maniola jurtina*, na huyu ndiye uliyemwona kwa wingi Julai, pamoja na ndugu yake mdogo *Pyronia tithonus* mwenye chungwa lililozungukwa na kahawia. Mwenye kingo za mabawa zilizochongoka kama zimeng'atwa ni *Polygonia c-album*. Na kuanzia mwisho wa Juni utamwona mkubwa wa chungwa, upana unaozidi sentimita 7, anayepita kwa kasi juu ya kichwa chako: huyo ni *Argynnis paphia*, wa jamii ileile ya athalia lakini ukubwa hauachi shaka.

Yupo pia mmoja ambaye huenda ulimzoea Kenya. *Vanessa cardui*, chungwa lenye ncha nyeusi na madoa meupe, huruka Afrika Mashariki, na kizazi baada ya kizazi husafiri kutoka Afrika hadi Ulaya kaskazini, akifika Uingereza mwanzoni mwa majira ya joto. Ukimwona Blean, mpe heshima yake.

Ndizi, wavu na miguu yako

Ndizi zilizochacha huwavuta vipepeo wa jenasi *Charaxes* wa Arabuko-Sokoke kwa sababu wao hunywa maji ya matunda, utomvu na kinyesi. Athalia hunywa nekta ya maua. Chambo chako atakipita bila kugeuka, na utabaki na nyigu. Badala yake kaa karibu na maua ya blakiberi yaliyo kwenye jua pembeni mwa kipande, kwa kuwa huko ndiko huja kunywa.

Wavu uache nyumbani. Athalia analindwa kikamilifu na sheria ya wanyamapori ya 1981: kumkamata, kumuua au kumchukua bila kibali ni kosa, na ulinzi huo unagusa mayai, viwavi na pupa vilevile. Hilo linatuleta kwenye miguu. Mayai yako chini ya majani ya chini, pupa wako ndani ya takataka za majani, na kipande chenye athalia wengi ndicho chenye watoto wao wengi. Hatua mbili nje ya njia kwa ajili ya picha zinaweza kukanyaga rundo zima la mayai, na mahali maarufu wapigapicha wakiingia kila siku nyasi hulala na mmea wa kiwavi huvunjika. Baki njiani. Wanaruka hadi miguuni pako, huhitaji kuwafuata.

Njia ya kumkaribia: chagua mmoja aliyeketi, jua likiwa upande wa mbele yako au ubavuni ili kivuli chako kisimguse. Kivuli kikimpitia ataruka mara moja. Piga magoti ukiwa bado mita mbili, sogea polepole, mikono usiinyanyue ghafla. Akiruka, usimkimbilie. Dume la doria mara nyingi hurudia mzunguko uleule, na ukikaa tuli dakika tano atapita tena.

Darubini ya kawaida ya watazama ndege itakuangusha, kwa sababu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko mita tatu. Tafuta inayolenga chini ya mita mbili, ukuzaji wa mara 6 hadi 8. Pentax Papilio inalenga hadi nusu mita, na kwa kazi hii haina mpinzani. Kwa kamera, kasi ya shata isipungue 1/500 ya sekunde, uwazi wa lenzi karibu f/8, na uso wa kamera uwe sambamba na mabawa. Ukiuinamisha, bawa moja litakuwa kali na la pili ukungu. Simu nayo inatosha asubuhi wakiwa bado wanaota jua.

Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi. Misitu hii ina kupe, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti, kinenani, kiunoni na kwapani. Kupe mtoe kwa kibanio chembamba, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kumkamua wala kumpaka mafuta. Ukiona upele wa duara unaopanuka katika siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umweleze kwamba uling'atwa.

Wengine wa msimu uleule

Ukishamwona athalia utataka zaidi, na kalenda ya msituni huku ni fupi. Katikati ya Mei *Boloria euphrosyne* yuko Wyre Forest, akinyonya maua ya buluu ya *Ajuga* katika nafasi zilizofyekwa. Naye ni wa mapengo, kiwavi wake hula vayoleti. Mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni *Leptidea sinapis*, mweupe dhaifu anayeruka kama hana nguvu, hupatikana kwenye njia za msituni karibu na Chiddingfold, Surrey. Majuma hayohayo *Carterocephalus palaemon* yuko Fineshade, Northamptonshire. Huyu alitoweka England mwaka 1976, akarudishwa kuanzia 2018 kwa vipepeo waliotoka Ubelgiji.

Anayehitaji uvumilivu kuliko wote ni *Satyrium pruni*, aliyegunduliwa Uingereza mwaka 1828 katika Monks Wood. Makundi yake ya asili yamejipanga kwenye misitu iliyo kati ya Oxford na Peterborough, na kwa hali ya kawaida huruka wiki mbili au tatu tu, nusu ya pili ya Juni. Kiwavi hula *Prunus spinosa*, kichaka kile cha miiba mirefu, na kipepeo mwenyewe hushinda juu ya vilele vya miti akilamba utamu unaoachwa na vidukari. Nenda hifadhi ya Glapthorn Cow Pastures, Northamptonshire, simama mbele ya ukuta wa *Prunus* ulio kwenye jua, uinue darubini kwenye matawi ya juu na usiiteremshe. Ukiona kitu kidogo cheusi kinachozunguka kwa kasi na kutua, tafuta mstari mweupe upande wa chini wa bawa na safu ya vidoti vyeusi kwenye ukanda wa chungwa. Siku nyingine hawashuki kabisa. Watu wawili wakigawana kichaka, mmoja kushoto na mwingine kulia, nafasi inaongezeka sana.

Kabla ya Juni

Kazi yako ya athalia inaweza kuanza sasa hivi, hata ikiwa ni baridi. Kati ya Novemba na Machi ndipo vipande hukatwa, na msitu ukiwa hauna majani unaona mipaka ya kila kipande waziwazi. Zunguka Blean mchana mmoja na ramani, uweke alama kila kipande, ukikadiria umri wake kwa machipukizi: kisiki kisicho na chochote kimekatwa msimu huu, chenye fito za urefu wa mtu ni cha msimu mmoja au miwili iliyopita. Rudi mwishoni mwa Aprili au Mei uangalie ni vipi kati ya hivyo vimeotwa na *Melampyrum*. Vyenye mmea mwingi na jua la asubuhi viandike juu kabisa ya orodha, vyenye jua la alasiri chini yake.

Ukimwona, andika tarehe, saa, mahali kwa usahihi na idadi, uitume kwa programu ya iRecord. Ukiweza kurudia kipande kilekile kila wiki katika Juni, ukitembea mwendo uleule na kuhesabu walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yako, hesabu hiyo ina faida kuliko picha mia, kwa kuwa mhifadhi huitumia kuamua ni kipande kipi kikatwe baridi inayofuata. Na ukikuta kipande chenye mmea tele, jua tele, hali ya hewa nzuri, na hakuna kipepeo hata mmoja katika wiki ya kilele, andika sifuri yako na uitume vilevile.